Vidonge vya majira au spironolaktoni? Kuchagua dawa ya homoni kwa chunusi zisizokoma

Chunusi za aina hii zina mahali pake. Hazipendi sana paji la uso kama zile za kubalehe. Hushuka kwenye taya, kidevu na shingo, huwa nene na huuma chini ya ngozi, na hufurika siku chache kabla ya hedhi kana kwamba zinasoma kalenda. Msichana amepaka hiki na kile, amebadilisha sabuni mara nne, kisha mtu anamwambia: "Wewe kameze vidonge vya homoni."

Vidonge vipi? Jina hilo moja limebeba dawa mbili ambazo tabia zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni vidonge vya majira, vile vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili za kike, estrojeni na projestini. Ya pili ni spironolaktoni, ambayo haina homoni yoyote ndani yake. Kazi yake ni kuzuia homoni uliyo nayo isifanye kazi. Zote mbili hupunguza chunusi za wanawake. Kinachozitenganisha ni mambo mawili ambayo kwa juu juu hayahusiani na ngozi: je, mwili wako unaruhusiwa kupewa estrojeni, na je, mpango wako kuhusu mimba ni upi? Ukijibu hayo mawili kwa ukweli, mara nyingi dawa hujichagua yenyewe.

Nitaje msimamo wangu mapema. Anayetaka pia kuzuia mimba, na hana kizuizi cha estrojeni, aanze na vidonge vya majira. Aliyekatazwa estrojeni, au asiyeitaka, aulizie spironolaktoni. Na ambaye hajawahi kupaka dawa sahihi, kama benzoili peroksidi pamoja na adapaleni, kwa wiki 8 hadi 12 bila kurukaruka, hajafika kwenye swali hili bado.

Zinavyofanya kazi

Kila mwanamke ana androjeni, homoni tulizozoea kuziita za kiume. Hutoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Androjeni ndizo huziamuru tezi za mafuta za ngozi zizalishe mafuta zaidi. Mafuta yakichanganyika na seli zilizokufa, kinyweleo huziba, bakteria wanaoishi humo huongezeka, na uvimbe mwekundu huanza.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Wanawake wengi wenye chunusi za taya wakipimwa damu, homoni zao ziko sawa kabisa. Ngozi yao tu ndiyo yenye masikio makali: husikia amri ndogo ya androjeni kama kelele. Kwa hiyo majibu mazuri ya maabara hayana maana kwamba vidonge vya homoni havitakusaidia. Vinaweza kusaidia sana.

Vidonge vya majira hushambulia amri yenyewe. Estrojeni iliyomo hulifanya ini litengeneze kwa wingi protini inayozunguka kwenye damu ikiikamata testosteroni, hivyo inayobaki huru hupungua. Wakati huohuo ovari hutulizwa, zikazalisha androjeni kidogo. Spironolaktoni huiacha testosteroni izunguke itakavyo, lakini hukaa kwenye tundu la ufunguo katika tezi ya mafuta, na homoni ikifika haipati pa kuingia. Ni dawa ya zamani, ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilitengenezwa kwa ajili ya kupunguza maji mwilini na kushusha presha, na uwezo wake wa kuzuia androjeni ulitambuliwa baadaye. Ndiyo maana hadi leo karatasi iliyo ndani ya boksi huzungumzia moyo na uvimbe wa miguu, na msichana wa miaka 22 akiisoma anashtuka akidhani amepewa dawa ya babu yake. Daktari huiandika kwa chunusi nje ya matumizi yaliyosajiliwa, jambo la kawaida katika tiba ya ngozi, ingawa ni haki yako kuelezwa.

Vidonge vya majira: si vyote ni sawa, ila tofauti haiko unapoitafuta

Kosa la kwanza na kubwa hutokea hata kabla ya kufungua pakiti. Vidonge vya uzazi wa mpango ni vya namna mbili: vyenye estrojeni na projestini, na vyenye projestini peke yake. Vinavyotibu chunusi ni vya kwanza. Vya pili, pamoja na kipandikizi cha mkononi, sindano ya miezi mitatu na kitanzi chenye homoni, havina estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake huongeza chunusi badala ya kuzipunguza. Binti akiazima vidonge vya dada yake anayenyonyesha, karibu hakika ameazima visivyofaa kwa kazi hii. Vidonge vya dharura vya baada ya tendo navyo si tiba ya chunusi kwa namna yoyote.

Ukishapata aina yenye homoni mbili, maswali yanahamia kwenye projestini. Kuna levonogestreli, noretisteroni, norgestimati, drospirenoni, siproteroni na nyinginezo. Marekani iliruhusu kidonge cha kwanza cha aina hii kwa ajili ya chunusi mwaka 1997, nacho kilikuwa cha norgestimati. Vya noretisteroni na drospirenoni vikafuata. Drospirenoni husifiwa sana kwenye mazungumzo ya urembo kwa sababu ni ndugu wa spironolaktoni: miligramu 3 zilizomo kwenye kidonge hukaribia nguvu ya miligramu 25 za spironolaktoni katika kutoa maji mwilini.

Lakini tafiti zilipokusanywa na kulinganishwa, picha iliyotokea ni tulivu kuliko sifa hizo. Vidonge vya homoni mbili vilipunguza chunusi kuliko vidonge bandia, yaani visivyo na dawa ndani, na tofauti kati ya aina moja na nyingine zilikuwa ndogo na hazikuelekea upande mmoja. Hata vya levonogestreli, ambavyo mara nyingi husemwa vibaya kwa kuwa projestini yake hufanya kazi kidogo kama androjeni, vimeonyesha kusaidia vikiunganishwa na estrojeni.

Tofauti iliyo wazi zaidi iko kwenye damu kuganda. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio wajawazito, takriban 2 hupata bonge la damu kwenye mishipa kwa mwaka. Wakitumia vyenye levonogestreli, noretisteroni au norgestimati, idadi huwa 5 hadi 7. Wakitumia vyenye drospirenoni, gestodeni au desogestreli, huwa 9 hadi 12. Bado ni wachache, na ujauzito wenyewe una hatari kubwa kuliko vidonge hivi. Hata hivyo, kama ngozi itanufaika karibu sawa, sioni sababu ya kuanza na chenye hatari zaidi. Anza na cha hatari ndogo, kipe miezi sita, ndipo ufikirie kubadilisha.

Siproteroni inastahili maneno yake. Ni kizuia-androjeni chenye nguvu, na kidonge chake kinachojulikana zaidi, Diane-35, kimetumika Ulaya kwa miongo mingi. Mwaka 2013 Ufaransa ilikisimamisha baada ya taarifa za vifo vilivyohusishwa na kuganda kwa damu. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ikakipitia upya, ikahitimisha kwamba faida zake bado zinazidi hatari, mradi kitumike kwa wanawake wenye chunusi za wastani hadi kali zinazotokana na androjeni, baada ya dawa za kupaka na antibiotiki kushindwa. Kinazuia mimba pia, kwa hiyo usikichanganye na kidonge kingine cha majira. Kwangu mimi hiki si cha kuanzia, wala si cha kununua kwa kunong'onezwa na rafiki.

Nani asiguse estrojeni

Sehemu hii isomwe polepole. Vidonge vya homoni mbili havifai kwa aliyewahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye saratani ya matiti, ugonjwa mkali wa ini, presha ya juu, au mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35. Havifai katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Mwenye selimundu aseme mapema, kwa sababu damu yake tayari ina mwelekeo wa kuganda. Vivyo hivyo ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliganda damu akiwa kijana.

Kuna kizuizi kimoja ambacho wasichana wengi hawakijui kabisa: kipandauso chenye dalili za macho. Kama kabla ya kichwa kuanza kugonga unaona mistari ya kumetameta, vipande vya mwanga au sehemu ya picha inapotea, au upande mmoja wa uso unakufa ganzi, estrojeni inakuongezea hatari ya kiharusi. Kichwa cha kawaida cha uchovu si hicho. Ukiulizwa kama unaumwa kichwa, usijibu "ndiyo, kawaida tu", eleza kinavyoanza.

Kipimo kisichoweza kurukwa kabla ya kuanza ni presha. Uchunguzi wa ndani ya uke hauhitajiki kwa ajili ya kupewa vidonge hivi, na anayeogopa huo na kukaa nyumbani anateseka bure.

Ukishaanza: mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafla, kifua kikichoma, kichwa kikiuma kuliko ulivyowahi kuumwa au macho yakififia, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme unatumia vidonge.

Spironolaktoni: haina estrojeni, ila ina sharti lake

Vizuizi vingi vya estrojeni nilivyotaja haviihusu spironolaktoni, na hilo ndilo linaloifanya kuwa kimbilio la mwenye kipandauso au mvutaji sigara. Kawaida huanzishwa kwa miligramu 50 kwa siku, kisha 100. Wachache hufika 200.

Kwa miaka mingi iliandikwa kwa uzoefu zaidi kuliko kwa ushahidi. Kisha mwaka 2023 ukachapishwa utafiti mkubwa wa Uingereza, uliopewa jina la SAFA, wenye wanawake 410. Nusu walipewa spironolaktoni na nusu vidonge bandia, na wote waliruhusiwa kuendelea na dawa zao za kupaka. Wiki ya 12, waliosema ngozi imepata nafuu walikuwa asilimia 72 upande wa dawa na 68 upande wa bandia, yaani karibu sare. Wiki ya 24, walikuwa 82 dhidi ya 63.

Takwimu hizo zina habari mbili. Anayeiacha spironolaktoni mwezi wa tatu kwa kusema haifanyi kazi, ameiacha mlangoni. Na wale asilimia 63 waliomeza vidonge visivyo na kitu wakapata nafuu wanatukumbusha kwamba muda na dawa ya kupaka vina mchango wao. Anayekuapia kwamba kidonge fulani peke yake kilimsafisha uso huenda anasema kweli, lakini hawezi kujua.

Madhara yake mengi yanaeleweka ukikumbuka asili yake: kwenda haja ndogo mara kwa mara, kizunguzungu ukisimama ghafla, matiti kuuma. Hedhi kuvurugika ni malalamiko ya kawaida, hasa dozi ikipanda. Wengine huona damu katikati ya mwezi, na hapo ndipo baadhi huiacha. Huweza pia kupandisha potasiamu kwenye damu. Kwa msichana mwenye figo nzima asiyetumia dawa nyingine, tatizo hilo ni nadra kiasi kwamba wataalamu wengi hawapimi tena kila mwezi. Mambo hubadilika kwa mwenye ugonjwa wa figo au moyo, mwenye umri mkubwa, au anayetumia dawa za presha kama enalaprili na losartani, au antibiotiki ya kotrimoksazoli. Hao wapimwe.

Sasa sharti. Spironolaktoni huzuia androjeni, na mtoto wa kiume tumboni anazihitaji androjeni ili viungo vyake vya uzazi viumbike. Kwa hiyo haitumiki wakati wa ujauzito, na anayeshiriki tendo la ndoa lazima awe na njia ya kuzuia mimba anayoiamini. Ona mzunguko huu: unakimbia vidonge vya majira kwa sababu hupendi uzazi wa mpango, unaangukia dawa inayokudai uwe na uzazi wa mpango. Ndiyo sababu madaktari wengi huandika zote mbili pamoja. Kidonge cha majira huzuia mimba na kupanga hedhi ambayo spironolaktoni ingeivuruga, na ngozi inapata msaada kutoka pande mbili. Kwa aliyekatazwa estrojeni, kitanzi cha shaba huziba pengo bila kuongeza homoni yoyote.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa kasi, hakuna mshindi. Zote ni mwendo wa kobe. Vidonge vya majira huanza kuonyesha dalili baada ya pakiti tatu, na wapo wanaochafuka zaidi mwezi wa kwanza. Hukumu ya haki ni miezi sita kwa zote mbili.

Kwa mwenye maumivu makali ya hedhi au damu nyingi, vidonge vya majira vinashinda kwa mbali, kwani hutibu na hayo. Kwa mwenye nywele zinazoota kidevuni na kifuani, au nywele za kichwani zinazopungua utosini, spironolaktoni ina la kuongeza.

Kwa mwenye mabaka meusi, mizani inaelemea spironolaktoni. Estrojeni huweza kuleta mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, hasa kwa wanaopigwa jua, na ngozi nyeusi huyashika kwa muda mrefu. Si jambo zuri kuondoa chunusi na kubaki na ramani. Madoa yaliyoachwa na chunusi za zamani hayaondolewi na dawa yoyote kati ya hizi. Yanataka muda, krimu ya kuzuia jua na subira ya kutotumbua.

Kwa kuchanganyika na dawa nyingine, vidonge vya majira ndivyo vyenye wivu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu yake ya kuzuia mimba, na baadhi ya dawa za kifafa pia. Vyenyewe navyo hushusha kiwango cha lamotrijini, mojawapo ya dawa za kifafa, mwilini. Doksisaiklini, antibiotiki ambayo wenye chunusi hupewa mara nyingi, haivipunguzii nguvu, ingawa uvumi unasema vingine. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, hesabu kama hukumeza.

Kwa umri: mabinti chini ya miaka 14, au ambao hedhi haijatimiza miaka miwili tangu ianze, kwa kawaida hawaanzishwi vidonge vya majira kwa sababu ya chunusi tu, kwa kuwa mifupa yao bado inajengwa.

Hofu mbili za vidonge vya majira hazistahili uzito zinaopewa. Havileti ugumba, ukiacha, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Unene nao haujathibitishwa na tafiti zilizolinganisha watumiaji na wasiotumia. Hofu ya tatu naichukulia kwa uzito zaidi: hali ya hisia. Wapo wanaobadilika, wakawa na huzuni au hasira isiyo yao, hasa walio katika miaka ya ujana. Ukijiona hivyo, sema. Usivumilie kwa ajili ya uso laini.

Na kuna hofu ya mzazi kukuta pakiti kwenye mkoba. Inaeleweka, lakini anayemeza kwa kujificha hapimi presha, harudi kliniki, na akivimba mguu hathubutu kusema kwa nini. Ni bora mazungumzo magumu ya dakika kumi.

Kabla ya pakiti ya kwanza

Kama hedhi yako huruka miezi, nywele zinaota pasipotarajiwa na uzito unapanda bila sababu, omba uchunguzwe hali inayoitwa PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi, kabla ya kumeza chochote. Vidonge vya majira hubadilisha kiwango cha testosteroni na kuifanya hedhi ionekane inakwenda sawa, hivyo vipimo vya homoni vitakavyofuata vitakuwa vya kubahatisha. Angalia pia unachopaka. Krimu za kujichubua zenye steroidi hutoa chunusi zake, na hakuna kidonge kitakachozimaliza ukiwa bado unazipaka.

Usiache dawa za kupaka ukishaanza kumeza. Ndizo zitakazoulinda uso siku utakapoacha vidonge, maana zote mbili hutibu zikiwa mwilini tu. Ukiziacha, chunusi zinaweza kurudi ndani ya miezi.

Anayepanga kushika mimba mwaka huu aachane na zote mbili na aulize kuhusu asidi ya azelaiki ya kupaka, ambayo huhesabiwa kuwa salama katika ujauzito. Asiyetaka kumeza kabisa ajue kwamba tangu 2020 Marekani imeruhusu klaskoteroni, krimu inayozuia androjeni kwenye ngozi yenyewe. Shida yake ni kwamba haipatikani kila mahali, na bei yake si ya kawaida.

Na yule mwenye mavimbe makubwa yanayoacha mashimo, asikae miezi sita akisubiri homoni ziamue. Kovu halisubiri. Huyo amwone daktari wa ngozi sasa hivi kuhusu isotretinoini, dawa kali ya kumeza kwa chunusi. Nayo ina sharti kali kuliko zote kuhusu mimba, kwa sababu huharibu maumbile ya mtoto, wa kike na wa kiume, na hapo ndipo vidonge vya majira vinaweza kurudi mezani kwa kazi yake ya kwanza.